SOMO: Mtenda kazi wa mchezo anapofanya mambo ya ajabu



Mwezi huu somo letu linatoka katika mchezo. Wengi wenu munajua ile michezo ya ordinatere na ya simu inayoitwa michezo ya koloni. Mchezaji anapewa watu wachache, inchi yenye miti na mawe, na chakula kidogo. Anapaswa kuwapanga: huyu akate miti, yule alime, wale wajenge nyumba. Yeye mwenyewe hatumiki. Anatoa amri, kisha anaangalia. Na mara nyingi watu wale hawafanyi alivyowaza. Ndipo makelele yanatoka kwenye baraza: “Angalia huyu mutu! Minamutuma kulima, yeye anaenda kulala! Iko muvivu kabisa!”

Somo hili lina swali moja: mtenda kazi wa mchezo anapofanya jambo la ajabu, kosa ni la nani?

Swali linaonekana kuwa la watoto. Lakini sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kulichukua kwa uzito. Mji wetu ulianza kama koloni ya kweli, na watu wa kweli walihukumiwa humo kuwa wavivu, kwa hesabu mbaya kama ile ya mchezaji. Tutafika huko katika sehemu ya tano. Kwanza tuelewe mchezo wenyewe.

1. MTENDA KAZI ANACHAGUA KAZI NAMNA GANI?

Mtu wa mchezo hana roho wala mawazo. Ni maneno ya programu tu. Mashini inamwuliza maswali kwa utaratibu, tena na tena, na jibu la kwanza linalosema “ndiyo” ndilo analolifuata. Katika michezo mingi utaratibu unafanana na huu:

a) Kuna hatari? Kama ndiyo, kimbia.
b) Una njaa au usingizi mkali? Kama ndiyo, kula au lala.
c) Kuna kazi uliyoamriwa? Kama ziko nyingi, shika ile yenye cheo cha juu.
d) Kama kazi mbili zina cheo kimoja, shika ile iliyo karibu, au ile iliyoandikwa mbele.
e) Njia ya kufika iko? Kama haiko, rudi mwanzo.

Tuchukue mfano wa mchezo unaoitwa RimWorld, uliotengenezwa na Tynan Sylvester wa Canada na kumalizika katika mwaka 2018. Humo mchezaji anaweza kuandika namba mbele ya kila kazi, toka 1 mpaka 4. Kazi yenye namba 1 inafanywa kwanza. Sasa mchezaji mwenye haraka anaandika 1 mahali pote: kupika 1, kulima 1, kujenga 1, kufagia 1. Anawaza kwamba ameamuru watu watumike kwa nguvu zote. Kwa kweli hakuamuru kitu. Namba zikiwa sawa, mashini inafuata tu mpango wa orodha, toka kushoto kwenda kuume. Kazi zilizoandikwa kuume zitangoja, hata nyumba ikijaa uchafu. Mchezaji atasema watu wake hawapendi kufagia. Lakini wao hawajui kupenda wala kukataa. Walisoma kile alichoandika.

Tushike basi kanuni ya kwanza: mtenda kazi hatii mawazo ya mchezaji, anatii maneno yake.

2. HESABU YA MTU ANAYETEMBEA BURE

Chukueni kalamu, tupige hesabu pamoja.

Tuseme ghala ya chakula iko mwanzo wa barabara, na shimo la mawe liko mbali, hatua 60. Mtu aliyeshiba anaweza kutembea au kutumika kwa muda wa hatua 100, kisha njaa inamkamata. Kuchimba jiwe moja kunaomba muda wa hatua 50. Na programu ina sheria mbili: (i) njaa ikifika, acha kila kitu uende kula, (ii) kazi isiyomalizika inahesabiwa kama haikuanza.

Mtu wetu anakula, anaondoka. Anatembea hatua 60. Amebakiza 100 - 60 = 40. Anaanza kuchimba. Jiwe linaomba 50, lakini yeye ana 40 tu. Mbele ya kumaliza, njaa inafika. Anatupa sururu, anarudi hatua 60, anakula. Kisha anaondoka tena, na jiwe linamngoja zima, kama halikuguswa. Kila safari inamwomba 60 + 40 + 60 = 160, na mawe aliyoleta ni 0.

Mchezaji anaona nini? Anaona mtu anayekwenda na kurudi mchana kutwa, mikono mitupu, na kila mara anakula. “Huyu anajua kula tu!” Basi anafanya yale ambayo wengi wanayafanya.

Kwanza, anaipa kazi ya mawe namba 1. Hakuna kinachogeuka, maana sheria ya njaa iko juu ya namba zote.

Pili, anatuma watu 10 mahali pa 1. Sasa 10 × 0 = 0. Lakini chakula kinachoisha ni mara 10. Baada ya siku chache ghala ni tupu, na koloni inakufa kwa njaa. Mchezaji ataandika kwamba watu wake waliiua koloni kwa ulafi.

Dawa ya kweli iko wapi? Ziko tatu:

a) Kuleta ghala karibu na shimo. Ikiwa hatua 30: 30 + 50 = 80. Jiwe linatoka, na bado amebakiza 20.
b) Kugeuza sheria ya pili, ili kazi iliyoanzwa ikumbukwe. Safari ya kwanza anachimba 40, ya pili anamaliza zile 10 zilizobaki, na jiwe linatoka.
c) Kumpa mtu chakula cha kubeba, ale palepale penye shimo.

Angalieni vizuri: katika dawa hizi tatu hakuna hata moja inayomgeuza mtu. Tumegeuza mahali, au sheria, au mzigo. Mtu ni yuleyule aliyeitwa mvivu.

3. KICHUGUU NA DUARA LA SIAFU

Mtu atauliza: je, mambo haya si ya mashini tu? Hapana. Tutoke nje kidogo.

Katika mapori ya Katanga kuna vichuguu vikubwa vya mchwa ambaye wataalamu wanamwita Macrotermes falciger. Vingine vinafika urefu wa metre 8, ni kusema kupita nyumba nyingi za mtaa wetu. Wataalamu walipima umri wa vichuguu vya kandokando ya Lubumbashi, na wakakuta vingine vilianza kujengwa miaka zaidi ya 2000 iliyopita. Udongo wake munaujua, maana watu wa mji huu wanaufanyia matofali.

Nani anaamuru kazi hiyo? Malkia haamuru, kazi yake ni kutaga mayai. Kapita hakuna. Mtaalamu Mfaransa Pierre-Paul Grassé aliangalia mchwa kwa miaka mingi, na katika mwaka 1959 akaeleza namna gani wanajenga. Mchwa mmoja anaweka kidonge cha udongo uliochanganyika na mate. Harufu yake inamvuta mwingine aweke chake hapohapo. Vidonge vikiwa vingi, harufu inazidi, na wengi zaidi wanakuja. Lundo linakuwa nguzo, nguzo zinakuwa ukuta. Grassé akaiita namna hiyo stigmergie, ni kusema kazi iliyokwisha kufanywa ndiyo inayomwamsha mtenda kazi anayefuata. Sheria ni ndogo sana, na nyumba inasimama miaka elfu.

Lakini sheria ndogo inaweza pia kuua. Katika mwaka 1921 William Beebe, mtaalamu wa wanyama wa Marekani, aliandika juu ya jambo aliloliona katika pori la Guyana, Amerika ya Kusini. Siafu wa kule hawaoni vizuri, wanafuatana kwa harufu. Kundi moja lilipotewa na njia, na wa mbele akakutana na mkia wa kundi lake mwenyewe, akaufuata. Likawa duara la metre karibu 365. Siafu mmoja aliomba saa mbili na nusu kulizunguka mara moja. Walizunguka hivyo mpaka wengi wao wakafa.

Hakuna siafu hata mmoja aliyekosa kutii. Kila mmoja alishika sheria yake: mfuate aliye mbele yako. Sheria hiyo inafaa siku zote njia ikiwa na mwisho. Siku ile njia haikuwa na mwisho, na utii wao ndio uliowaua.

Siafu hana mtu wa kumwandikia barua. Hakuna anayeweza kugeuza sheria yake kati ya leo na kesho. Hapo ndipo mchezo unapotofautiana na pori: mchezo una mtengenezaji, na mtengenezaji anaweza kuambiwa.

4. PAKA WALIOKUFA KWA POMBE

Mchezo mmoja wa koloni unaojulikana sana ni Dwarf Fortress. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walianza kuutengeneza mwaka 2002, wakautoa kwa watu mwaka 2006. Ndani yake watu wafupi wanachimba milima, wanajenga, wanakula, wanafuga paka, na wanapenda sana pombe.

Mwisho wa mwaka 2015 ndugu hao waliongeza mahali pa kunywea, kama zile buveti tunazozijua. Kisha habari zikaanza kufika kutoka kwa wachezaji: paka wanakufa, na matapishi yako mahali pote. Tarn Adams hakuwa ameandika hata mstari mmoja unaosema paka anywe pombe. Ikabidi atafute.

Akakuta hivi. Watu wakinywa, pombe nyingine inamwagika chini. Paka anapita hapo, miguu yake inalowa. Paka ana sheria yake ya kujilamba ili awe safi, sawa na paka wa kweli. Akijilamba, kilicho juu ya mguu kinaingia tumboni. Mpaka hapo kila jambo ni sawa. Lakini programu ilihesabu kile alicholamba kama kikombe kizima cha pombe, wakati kwa kweli ni tone tu. Mwili wa paka ni mdogo. Vikombe viwili vitatu vinatosha kumwua.

Buveti si kosa. Pombe kumwagika si kosa. Paka kujilamba si kosa. Kosa lilikuwa kiasi kimoja tu, na kiasi hicho hakikuonekana mpaka sheria zile nyingine zote zilipokutana. Mtengenezaji peke yake hawezi kuona kila kukutana kwa namna hiyo. Yeye ni mtu mmoja au wawili, wachezaji ni maelfu. Macho yao ni dawa yake, kama wakijua kusema walichoona.

Na kusema kuna namna yake. Linganisheni barua hizi mbili.

Ya kwanza: “Mchezo yenu ni mubaya. Batu banatembea-tembea tu, hawatumike. Mutengeneze upesi!”

Ya pili: “Nina watu 6. Shimo la mawe liko mbali na ghala. Nilimwamuru mmoja kuchimba. Nilingoja kwamba ataleta jiwe. Anafika shimoni, anachimba kidogo, anarudi kula, na jiwe halionyeshi alama yoyote. Nimeangalia safari 5, zote ni vile. Nilipoleta chakula karibu, akaleta jiwe.”

Barua ya kwanza ni hasira. Ya pili ni ushahidi. Mwenye kuisoma ataona mara moja mahali pa kutafuta. Barua nzuri ina mambo manne:

a) Nilifanya nini?
b) Nilingoja nini?
c) Niliona nini, na mara ngapi?
d) Nikigeuza jambo moja, kunatokea nini?

Tuongeze neno moja. Mchezaji ni kama mgonjwa mbele ya daktari. Akisema “hapa panauma,” tumsadiki, maana maumivu ni yake. Akisema “nipe sindano ya rangi nyekundu,” daktari atampima kwanza. Mwenye kuandika “ongezeni watu” katika hesabu yetu ya sehemu ya pili, maumivu yake ni ya kweli, lakini dawa yake ingaliua koloni.

5. KOLONI YA KWELI

Sasa turudi kwetu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa hapa Lubumbashi. Shaba ilikuwa nyingi, lakini watu katika inchi hii walikuwa wachache. Kwa hiyo katika mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu vijijini na kuwaleta kwenye mashimo.

Watu hao walitoka mbali. Waliacha wake na watoto. Mikataba ya siku zile ilikuwa mifupi, mara nyingi miezi michache tu. Magonjwa yalikuwa mengi kambini, na wengi walikufa. Wengine walitoroka. Waliobaki wazima, mkataba ukiisha, walirudi kwao. Wazungu wengi wa siku zile wakasema na kuandika kwamba mtu mweusi hapendi kazi.

Pigeni hesabu ya sehemu ya pili tena. Mtu anatembea siku nyingi. Anafika dhaifu, hajui mashini, hajui shimo. Anajifunza. Anapoanza kujua, mkataba umekwisha. Anaondoka na ujuzi wake, na kompani inaanza tena toka 0 na mtu mpya. Ni ile sheria yetu: kazi isiyomalizika inahesabiwa kama haikuanza. Na kompani ilifanya nini kwanza? Ilitafuta watu wengine, tena wengine, mbali zaidi, mpaka Ruanda-Urundi. Ni kusema, ilituma watu 10 mahali pa 1.

Karibu na mwaka 1928 Union Minière iligeuza sheria. Mkataba ukawa wa miaka 3. Mwanamume aliruhusiwa, tena akasukumwa, kuja na mke wake. Kambi zikajengwa kwa familia, pamoja na hospitali na masomo ya watoto, na mposho ikagawanywa. Wazee wa mji huu bado wanalitumia neno hilo. Basi watu wakakaa. Wakaujua ufundi, wakautumikia miaka mingi, wakazaa watoto ambao nao walitumika kwenye shaba. Je, damu yao iligeuka? Hapana. Chakula na nyumba vilisogea karibu na shimo, na kazi iliyoanzwa ikakumbukwa.

Tusidanganyike: hiyo haikuwa rehema. Ilikuwa hesabu. Mtu anayekaa alikuwa na faida kuliko mtu anayekufa au anayetoroka. Na kambini kompani ilitawala kazi na nyumba pia: nani anaingia, nani analala, mke anafanya nini. Mchezaji alikuwa amejifunza kupanga vizuri, lakini bado alijiona kuwa mchezaji, na wale wengine kuwa watu wa mchezo.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, serikali na kompani walitaka shaba zaidi na zaidi. Bei za vitu sokoni zilipanda, mishahara haikufuata. Katika mwezi wa 12 wa 1941 watenda kazi waliacha kazi. Hawakuvunja mkataba kwa sababu ya uvivu. Walikuwa na neno la kusema, na neno lenyewe lilikuwa la hesabu: mshahara huu haununui chakula hiki. Tarehe 9 ya mwezi ule walikusanyika hapa mjini, katika kiwanja cha mpira. Kati ya waliosema kwa ajili yao alikuwa karani mmoja, Léonard Mpoyi. Aliuawa siku hiyo, na askari wakapiga watu bunduki. Makumi ya watu walikufa.

Hapa mchezo na maisha vinaachana. Mtu wa mchezo hawezi kusema. Mchezaji anaona ajabu, anaandika kwa ajili yake. Mtu wa kweli anasema mwenyewe. Barua yake ilikwisha kufika, nayo ilikuwa wazi kuliko barua zote: tunafanya hivi, tunangoja hivi, tunapata hivi. Waliopaswa kuisoma waliona makosa ya mtenda kazi tu, hawakuona makosa ya sheria.

6. NA SISI?

Sisi hatuna kompani ya shaba. Lakini kila mmoja wetu atakuwa kapita wa watu fulani, leo au kesho: wa salongo, wa kelasi, wa wadogo zake nyumbani, baadaye wa ofisi au wa karakana. Mbele ya kutamka neno “muvivu,” tujiulize maswali matatu.

La kwanza: umbali ni gani? Mtoto anayetumwa maji kwenye bomba la mbali kabla ya masomo, na tena anaamriwa asichelewe kengele, amepewa hesabu ya 60 na 50. Pigeni hesabu mbele ya kumpiga yeye.

La pili: ni amri gani inayopita nyingine? Tukisema kila kitu ni namba 1, tumemwachia kila mtu akisie. Kapita mwema anasema: “Kwanza hii, kisha ile, na ile ya tatu inaweza kungoja kesho.”

La tatu: yeye mwenyewe amesema nini? Juu ya nini anafanya vile? Hili ndilo swali ambalo mchezaji hawezi kuliuliza, na sisi tunaweza.

Hatusemi kwamba uvivu hauko. Uko, nao tunaujua hata ndani yetu. Mtu wa kweli anaweza kuona kazi, kuwa na nguvu, kuwa na nafasi, na kukataa tu. Anastahili kuonywa. Lakini huo ni mwisho wa utafutaji, si mwanzo. Anayeanza na neno “muvivu” hatatafuta tena, na jiwe litabaki shimoni.

MASWALI YA SOMO

1. Shimo liko hatua 45 kutoka ghala. Mtu aliyeshiba ana muda wa hatua 100. Jiwe linaomba 50. Je, jiwe litatoka? Na kama shimo likisogea mpaka hatua 55? Tafuteni umbali mkubwa kuliko wote ambao jiwe bado linaweza kutoka.

2. Mchezo wa kiwanja, bila mashini. Wanafunzi 8 ni watenda kazi, mmoja ni mchezaji, wengine wanaangalia. Wekeni mawe 4 mbali. Kila mtenda kazi anatii sheria moja tu: “Enda kwenye jiwe lililo karibu nawe, ulilete.” Wote waondoke pamoja. Wangapi wamerudi mikono mitupu? Sasa ongezeni sheria moja fupi ili asipatikane mtu anayetembea bure. Iandikeni kwa maneno yasiyozidi 12.

3. Fikirini jambo moja linalokwenda vibaya katika salongo. Andikeni barua fupi yenye mambo manne ya sehemu ya nne. Msimtaje mtu yeyote kwa jina, na msitumie neno “mvivu.”

4. Sheria ya siafu, “mfuate aliye mbele yako,” inafaa wakati gani, na inaua wakati gani? Toeni mfano mmoja wa kila upande kutoka maisha ya mji wetu.

5. Ulizeni mzee mmoja nyumbani au jirani aliyetumika, au ambaye baba yake alitumika, kwenye Union Minière au Gécamines: mposho ilikuwa na vitu gani, na mtu akiwa na neno la kusema alilipeleka kwa nani? Andikeni jibu lake kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Majibu ya 1 na 2 yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu, ya 3 na 4 kwa mwalimu wa kelasi. Majibu ya swali la 5 muyaweke vizuri katika daftari, tutayasoma pamoja. Walimu pia wanaombwa kujibu swali la 3.